Taarifa ya Siku Saba

Baba,

Barua yako imekuja leo asubuhi. Imeingia kwenye tundu la mlango pamoja na matangazo ya pizza, nami nilikuwa nashuka ngazi, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, maana nilikuwa nimechelewa kazini kama kawaida yangu. Nimeiona pale kwenye kapeti. Jina lako lote, majina yako matatu, hata ule ufupisho wa "Mheshimiwa" umewekwa mbele. Binti yangu Mwende alikuwa nyuma yangu na begi lake la shule. Akasema, "Mum, Grandad's got post," babu ana barua, kisha akasikia alichokisema, akanipita akatoka bila kunywa chai.

Sikwenda kazini. Nimewapigia simu nikasema naumwa tumbo, na si uongo sana.

Nimeifungua, nimeisoma, nimeirudisha ndani ya bahasha. Iko hapa mezani kando ya rula yako. Nitakusomea, lakini mwishoni, kwa utaratibu uliotufundisha: kwanza yamalizwe mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita, ndipo hati mpya iwekwe mezani. Na mambo yaliyobaki kati yetu yapo. Kuna jambo nilikudanganya, Baba. Nilikudanganya kila Ijumaa kwa miezi mitano, ukafa hujui, na hakuna mwingine anayejua, si Kioko, si mchungaji, si Mama Furaha wa jirani. Nalitaja mapema kwa sababu najijua. Nikianza na hadithi nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Taarifa za nyumbani kwanza. Tulikusafirisha kwa ndege, tukakuzika kando ya Mama, chini ya zile nyaya za stima. Ulitaka hivyo, na kaka yangu Kioko hakukubali kubishana na mtu yeyote. Nyaya ziko vile vile. Zinapita juu ya shamba letu kutoka bwawani kwenda mjini, zinavuma mchana kutwa. Uliingia siasa kwa ajili ya mvumo ule. Ulikuwa mwalimu wa hesabu, ukisahihisha madaftari kwa taa ya mafuta, na juu ya paa lako stima ya kuwasha mji mzima ilikuwa inapita bila kusimama. Mama alisema uligombea ubunge kwa sababu ulichoka kununua mafuta ya taa. Ulikuwa unacheka, lakini hukuwahi kukanusha.

Watu walijaa kuliko nilivyotarajia. Tulikodi jenereta kwa ajili ya vipaza sauti, maana mpaka leo hakuna nguzo hata moja iliyofika kwetu. Mbunge wa sasa, yule aliyekuangusha, akashika maikrofoni akasema, "Huyu mzee ndiye aliyetuletea mwanga," na papo hapo jenereta ikakohoa, ikazima. Watu wakatazamana. Halafu mama mmoja nyuma kabisa akapaza sauti, "Mheshimiwa Nguzo, pumzika!" Tukacheka wote, hata mchungaji, hata mimi. Lile jina walilokubandika kwa sababu kila mkutano ulisema nguzo zinakuja, jina lililokunyima kura, siku ile lilitamkwa kwa mapenzi. Na wewe ulikuwa umefunikwa kwa mbao. Nilirudi chumbani nikalia kwa hasira. Unanijua, mimi nikikasirika hulia, na nikihuzunika hufua nguo. Tangu Februari nyumba hii haijawahi kuwa safi namna hii.

Jana nilikuwa nafua mapazia, nikakumbuka zahanati ya sokoni. Nilikuwa kidato cha pili, ulinichukua kwa sababu Mama alikuwa amesafiri na hukutaka nibaki peke yangu. Muuguzi alifungua friji akatuonyesha chanjo za watoto. Zote zilikuwa zimeharibika, kwa kuwa mafundi walikata stima ya soko zima wakirekebisha laini kwa siku tatu na hakuna aliyeambiwa. Nje walikaa akina mama na watoto mgongoni, wametembea tangu alfajiri, na yule muuguzi hakuwa na moyo wa kutoka kuwaeleza. Ukatoka wewe. Ulivua kofia. Ukasema, "Mama zangu, nyinyi hamkuambiwa, na mimi sikuambiwa. Nitaenda kuuliza kwa nini."

Ukaenda kuuliza vipindi viwili vizima vya Bunge. Wenzako walitafuta kamati za barabara na za ardhi, ambako mtu huonekana. Wewe ukaomba kamati ya nishati, ukakaa na makabrasha ya bei za umeme, leseni na viwango vya nyaya, mambo yanayowalaza watu usingizi. Ukatoka humo na kifungu kimoja. Cha arobaini na moja. Nikiamshwa naweza kukikariri: hakuna mteja atakayekatiwa umeme, kwa deni wala kwa ukarabati, ila baada ya kuarifiwa kwa maandishi siku saba kabla. Mstari mmoja na nusu. Ulisema sheria nzuri haizidi urefu wa pumzi ya msomaji.

Siku ya kura nilikuwa nimekaa kwenye viti vya wageni, nikiwa na sare ya chuo. Wenzako wa kamati, waliokuahidi kwa mdomo na kwa mkono, walikuwa wameteremka kunywa chai. Mwenyekiti akauliza wanaosema ndio. Ukasema ndio, peke yako, kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani. Akauliza wanaosema la. Wakasema la, si kwa chuki hata kidogo, wengine wakitazama saa. Kifungu kikatolewa wakasonga kwenye kifungu kinachofuata. Yote yalichukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Ulipotoka nje ulinipa mkoba wako niubebe, ukasema, "Karani, tutakirudisha awamu ijayo." Awamu ijayo hukuwapo. Walikuangusha kwa sababu nguzo hazikuja.

Ulikuwa unaniita Karani tangu nilipojua kusoma. Nilikuwa nasoma barua zako kwa sauti, wewe ukitembea na kalamu nyekundu. Kioko aliruhusiwa kucheza mpira. Sikulalamika wakati ule, na sasa nikilalamika nani atanisikia.

Nilipokuleta huku ughaibuni, Mama akiwa ameshakufa na mapafu yako yameanza kukugomea, nilidhani utapumzika. Nilikuandalia chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara, duka la Abdi na msikiti. Kabla juma halijaisha ulikuwa umeshasoma kila karatasi ya stima na gesi iliyowahi kuingia nyumba hii. Juma la pili ulikuwa dukani kwa Abdi, umekalia kreti la maziwa, ukiwasomea karatasi zao watu waliokuja kujaza stima ya kulipia kabla kwenye funguo za mita zao. Abdi, aliyekulia Eastleigh na haheshimu mtu kirahisi, akasema, "Mzee, wewe ndio waziri wa stima wa mtaa huu wa Lozells, wallahi." Ulijaribu kutofurahi ukashindwa. Karatasi uliyomwandikia ya kueleza haki za wenye mita za ufunguo bado imebandikwa juu ya freezer yake. Wino mwekundu umeanza kupauka.

Halafu akaja Mama Furaha. Nakumbuka alivyosimama mlangoni na leso kichwani, amepandwa na hasira hata hakusalimia. "Papa Honorable, ile compteur inanikulia makuta! Ninatia, inakula. Ninatia tena, inakula!" Mita yake ilikuwa inamla pesa kwa sababu imewekwa kukata deni la mpangaji aliyehama kabla yake, mtu asiyemjua hata kwa sura. Uliwaandikia kampuni, ukamwandikia mdhibiti wa kampuni za stima, ukaandika tena na tena, kila barua ina namba za aya. Mwisho wakaja wakabadilisha ile mita. Alikuletea sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sufuria kubwa, ukala ukasema kwa sauti ndogo, "Karani, hii ndiyo sheria pekee niliyowahi kupitisha." Nilidhani ni utani wako. Nilipokutazama haukuwa utani.

Haya. Sasa lile jambo.

Mashine ya oksijeni ilipoletwa mwezi wa nane, fundi alieleza kwamba stima ikipotea italia, na kwamba kuna mtungi wa akiba. Mtungi hukutaka uonekane na wageni. "Nyumba si wodi," ulisema, nami nikausukuma chini ya ngazi, nyuma ya ubao wa kupigia pasi. Mwezi uliofuata ikaja fomu kutoka kampuni ya stima, ya kuorodhesha nyumba ambamo mtu anaishi kwa kutegemea mashine. Ukiwa kwenye orodha, stima ikipotea wanakupigia simu. Kama imepangwa kukatwa wanakuandikia mapema. Mtu mwingine angeweka alama kwenye visanduku, akatia sahihi, akarudisha. Wewe ulivaa miwani ukaomba rula.

Ulikaa nayo siku mbili. Walipoandika kwamba watajitahidi kukuarifu, ukapiga mstari mwekundu juu ya "kujitahidi" ukaandika pembeni kwamba wataarifu, kwa maandishi, siku saba kabla. Walipouliza kama una ulemavu, ukafuta ukaandika kwamba swali sahihi ni kama nyumba inategemea umeme kwa uhai. Ukaongeza aya mbili nyuma ya karatasi. Nilikuambia, "Baba, si mswada huo, ni fomu. Tia sahihi tu." Ukanijibu bila kuinua macho, "Kujitahidi si sheria, Karani. Mtu akijitahidi akashindwa, utamshtaki kwa kosa gani?" Hukutia sahihi. Uliandika mahali pa sahihi kwamba utatia marekebisho yakikubaliwa. Nikaipeleka posta nikiwa na aibu, kama mtu anayempelekea mwalimu barua ya mzazi mgomvi.

Ilirudi baada ya majuma mawili. Walishukuru kwa maoni yako, kwa adabu sana. Walisema fomu iliyobadilishwa hawawezi kuipokea, wakaambatanisha nyingine safi na bahasha ya kurudishia isiyohitaji stempu. Niliisoma jikoni nimesimama, koti bado mwilini. Uliniita kutoka chumbani, ukikohoa, ukauliza nani kaleta barua.

"Matangazo tu, Baba."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nikaiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya menyu za chakula cha kununua.

Nilijua ukiiona ile fomu safi utaanza upya. Marekebisho, barua ya kuambatanisha, nakala kwa mdhibiti, nami ndiye wa kuchapa, wa kupeleka, wa kusubiri. Nilikuwa natoka nyumbani kabla hujaamka, mabasi mawili mpaka Longbridge, kuogesha na kulisha wazee wa watu kwenye ile nyumba ya kutunza wazee, halafu narudi kwako. Nilijiambia nakupumzisha wewe. Uongo. Nilitaka kupumzika mimi. Nikapanga nitaijaza mwenyewe Jumamosi moja na kuiga sahihi yako. Naijua, nilikuwa naiiga kwenye ripoti za shule tangu kidato cha kwanza, sasa ujue na hilo. Jumamosi ikaja nikafua. Ya pili Mwende akawa na homa. Ya tatu sikumbuki hata nilifanya nini.

Na kila Ijumaa, siku yako ya kufunga mafaili, ukawa unauliza, "Karani, wamejibu?"

"Bado, Baba."

"Watajibu. Mambo ya sheria huenda polepole."

Mara moja ulinishika mkono ukasema unashukuru kwamba mimi sikuchoka nawe kama walivyochoka wale wa kamati. Nilikwenda chooni nikafungulia bomba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Unaijua hii hadithi kwa upande wako, sasa isikie kwa upande wangu. Saa nne asubuhi wachimbaji wa barabara walikata waya mkuu wa stima pale kwenye kona, barabara nzima ikazima. Mimi nilikuwa Longbridge, nimekaa kitandani kwa mzee mmoja asiyejua jina lake, nampulizia uji kijiko kwa kijiko. Nje ya dirisha lake unaona ule uwanja mtupu uliokuwa kiwanda cha magari. Nilikuwa nautazama. Sikuhisi chochote, Baba. Watu husema damu humwambia mtu. Mimi haikuniambia kitu.

Mashine yako ililia. Mama Furaha alikuwa nyumbani kwake, amejifunika blanketi kwa baridi, na aliisikia kupitia ukuta. Amenieleza mara nyingi mno, kila mara akiwa ameshika mashavu: "Nilizani ni ile ya moshi, betri njo inakufa. Zote zinaliaka vile. Nisamehe, mama, nilizani ni ile ya moshi." Ni kweli, nyumba zetu hizi zilizoshikana, kila siku kuna king'ora cha moshi cha mtu kinacholia kwa sababu ya betri. Alipochoka na kelele akaja kukuuliza kama una betri mpya. Akakukuta kwenye kiti chako. Ulikuwa umevaa viatu. Nadhani ulitaka kwenda kuuchukua ule mtungi chini ya ngazi, na hukutaka kwenda bila viatu.

Juma lililofuata yule bibi Mjamaika wa nyumba ya kona alikuja kutupa pole. Naye ana mashine, ya moyo. Akasema kwamba siku ile kampuni ilimpigia simu hata dakika kumi hazijapita, wakamuuliza kama yuko salama, wakampigia na mwanawe. Alikuwa anawasifu. Hakujua anasema nini. Nilikuwa nimeshika birika, nikaendelea kummiminia chai mpaka ikafurika kwenye sahani.

Kwenye ile fomu kuna mstari wa kuandika namba ya mtu wa kupigiwa. Ingekuwa namba yangu. Ningempigia Mama Furaha, naye angekuwa mlangoni kwako kabla sijakata simu. Ukuta mmoja tu, Baba. Daktari alisema moyo wako ulikuwa umechoka, kwamba ingeweza kuwa siku yoyote ile. Alisema "ingeweza". Wewe ulinifundisha kuyatazama maneno ya aina hiyo, na tangu siku ile nalitazama.

Sijamwambia Mama Furaha. Anabeba mzigo ambao nusu yake, zaidi ya nusu, ni wangu, na ananiletea chakula, na mimi nakila. Hiyo ndiyo hali yangu. Nikimwambia nitampunguzia, najua. Kila siku nasema kesho. Unaona? Bado ni yule yule wa droo.

Kuna jingine la kukuumiza, lakini ungetaka kulijua. Nyumbani sheria mpya ya nishati imepita. Kioko alinitumia nakala, nikaichapa kazini, nikakaa nayo kwenye kiti chako na rula yako, mstari kwa mstari, nikitafuta kifungu chako. Kipo. Namba imebadilika, maneno mengine yamebaki ya kwako. Lakini kabla ya "kuarifiwa" wameweka neno moja: "inapowezekana". Siku saba zimeondoka. Nikachukua kalamu nyekundu nikalikata lile neno. Halafu nikabaki na karatasi iliyokatwa mkononi, hapa Lozells, mvua inanyesha, na hakuna wa kumpelekea.

Usiku wa siku ile sikulala, na asubuhi yake nilifungua droo. Fomu safi ilikuwa pale pale, ina alama ya mafuta ya menyu. Nikaijaza. Sikubadilisha neno lolote. Jina lako, majina matatu. Kwenye cheo wameweka visanduku vya Bwana na Bibi na kimoja cha "vinginevyo", nikaandika "Mheshimiwa" kwa ufupisho wao. Aina ya mashine. Namba yangu ya simu. Nikaiga sahihi yako, na haikutetemeka hata kidogo. Nilitazama saa ya ukutani nilipoanza na nilipomaliza. Dakika tano, Baba. Dakika tano, nikaitia posta nikiwa njiani kwenda kazini. Usiniulize kwa nini niliituma wakati hupo. Sikuweza kuiacha kwenye ile droo, na sikuweza kuichana. Walijibu siku chache baadaye kwamba umeingizwa kwenye orodha, na wakakutakia afya njema.

Mashine walishaichukua, lakini. Vijana wawili walikuja wakaikunja mipira yake kwa heshima. Kwenye kapeti pamebaki alama nne za magurudumu, na Mwende hupita kando bila kuzikanyaga. Sijui kama anajua anafanya hivyo.

Basi yaliyobaki yamekwisha. Nimekuambia. Sikuhisi wepesi wowote, kama ulitaka kuuliza. Nilidhani nitauhisi.

Sasa hati mpya. Karani anaisoma.

Wanakuandikia wewe, kwa jina na kwa cheo. Wanasema Jumanne ijayo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, watakata stima ya barabara yetu ili kurekebisha nyaya. Wanajua nyumba hii inategemea umeme kwa ajili ya mgonjwa, kwa hiyo wanakuomba ujiandae, na kama huna njia nyingine uwapigie, watakuletea mashine ya betri mpaka mlangoni. Chini kuna sahihi ya mtu kabisa, kwa wino. Leo ni Jumanne. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto, kisha nikahesabu tena kwenye kalenda. Siku saba, kwa maandishi. Hawakuandika kwamba watajitahidi. Kile kifungu chako, Baba, kilichotolewa wenzako wakiwa kwenye chai, mahali pekee ninapojua kimetimizwa bila kupunguzwa neno ni hapa, kwenye kapeti yako, na wewe hupo.

Nilitaka kuwapigia niwaambie ukweli waondoe jina lako. Nimeshika simu mara mbili. Sitawapigia. Najua si sawa, najua pengine nachukua nafasi ya mtu, na siku itafika nitalazimika. Lakini si mwaka huu. Kwanza nitakwenda kwa Mama Furaha. Nimeandika "Ijumaa" kwenye bahasha yako hii kwa kalamu nyekundu, na mimi na wewe tunajua Ijumaa zangu, kwa hiyo sikuombi uniamini.

Hili moja tu naliahidi kwa sababu linategemea kukaa, na kukaa nakuweza. Jumanne ijayo sitakwenda Longbridge. Mtungi hatuna tena, na ule ubao wa pasi nimeuhamisha. Nitakuwa nimevaa viatu. Saa tatu taa zitazima, friji itanyamaza, nyumba yote itanyamaza, na mimi nitakuwa kwenye kiti kando ya chako mpaka saa saba.

Kwaheri, Baba. Lala. Umearifiwa.

Karani wako,
Mueni